Walionifundisha kusikiliza

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, redio ilikuwa moja na mwenye nayo alikuwa baba. Nimezaliwa miaka ya 1980, kwa hiyo nilikua na Redio Tanzania Dar es Salaam, na jioni ambazo mawimbi yalikubali tulipata na stesheni za Kenya. Kilichopigwa humo ndicho mtaa mzima ulichoimba. Mtu akiniuliza leo nilipenda muziki gani nikiwa darasa la pili, ukweli ni kwamba nilikuwa na mazoea tu. Kupenda kulikuja baadaye, na hakukuja peke yake: karibu kila muziki ninaoupenda sasa, nikifuatilia ulivyonifikia, namkuta mtu fulani aliyeupenda kabla yangu, akajua kunionyesha sikio nilipeleke wapi.

Wa kwanza ni baba. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache, lakini bendi ikianza kupigwa alikuwa mwalimu. Jumapili moja aliniuliza katika wimbo uliokuwa ukipigwa magitaa ni mangapi. Nikajibu moja. “Mwache mwimbaji apite, mwanangu,” akaniambia. “Tafuta besi.” Nikishaishika besi nipande kwenye gitaa la ridhimu, lile linalorudia jambo lilelile bila kuchoka, ndipo nimtafute wa solo na yule wa pili anayemjibu. Ulikuwa wimbo niliousikia tangu sijaanza shule, na kwa siku kadhaa niliuwinda kila ulipopigwa kwenye vipindi vya salamu mpaka nikawapata wote wanne. Furaha ya siku hiyo naikumbuka mpaka leo. Watu wanne walikuwa wakizungumza humo muda wote, nami nilikuwa namsikia mwimbaji peke yake.

Mifano yake baba aliitoa karibu na nyumbani, kwa sababu Tanga ilikuwa na bendi zake na alijivunia hilo. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipigia Jamhuri Jazz hapahapa Tanga, wakapitia Arusha, wakavuka kwenda Kenya ambako mwaka 1971 waliunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao walijitenga wakawa Les Wanyika. Baba alisema mtu anayetaka kujua kazi ya gitaa la ridhimu amsikilize Omar Shabani wa Les Wanyika: anapiga machache, hajionyeshi, lakini ukimtoa, wimbo mzima unaanguka. Hadi leo nikisikia muziki wowote wa magitaa, hata wa mbali kiasi gani, sikio langu linaanza kwa yule anayerudia.

Halafu kulikuwa na mjomba. Baba alikuwa mtu wa Msondo, mjomba alikuwa mtu wa Sikinde, na walipokutana sebuleni chai ilipoa. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, baadaye OTTU. Mashabiki walibaki na jina la mtindo wake, Msondo. Sikinde ni Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ikachukua jina la mtindo wake kutoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Ubishi ulikuwa mgumu kwa sababu Muhiddin Maalim Gurumo aliimbia pande zote mbili, kwa hiyo haukuweza kuishia kwenye majina ya waimbaji. Ilibidi wataje vitu. Mjomba alitetea jinsi tarumbeta na saksafoni za Mlimani Park zilivyopangwa, zinavyoingia zote kwa pamoja na kuachia nafasi sauti zikitaka kupita. Baba alisema mpangilio ukizidi unamnyima mpigaji uhuru, na kwamba Msondo wakifika kwenye chemko, pale wimbo unapopamba moto, ndipo unapojua nani anacheza na nani amekaa. Nilikuwa mtoto, niliketi sakafuni, na nilielewa jambo moja: kwa watu hawa kusema wimbo ni mzuri hakutoshi. Utaulizwa mzuri wapi. Naamini ubishi huo ulinipa masikio kuliko redio yenyewe.

Taarab ilikuwa ya mama na dada zake. Tanga ilikuwa mji wa taarab pia, mji wa Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila Saidi ilisikika kila nyumba. Mimi niliiona ndefu na ya taratibu mno, nikakimbilia kucheza nje. Iliyonigeuza ni harusi moja ya mtaani. Nilikuwa nimeanza kupevuka, nimeruhusiwa kukaa na wakubwa. Mwimbaji akafika kwenye ubeti fulani, na mama mmoja akainuka upande wa nyuma na noti mkononi, akatembea polepole ukumbi mzima, hakumtazama mwimbaji hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwa mwanamke mwingine aliyeketi safu ya mbele. Alipomaliza kutunza akarudi kukaa, na wanawake wote waliokuwa karibu nami wakashusha pumzi. Nikamuuliza mama mdogo kulikoni. Akanieleza kwa sauti ya chini, na alipomaliza nikaelewa kwamba wimbo ule haukuwa wa mwimbaji peke yake. Mshairi ameutunga, mwimbaji ameubeba, kisha kila aliyemo ukumbini anao uwezo wa kuuchukua ubeti na kuuelekeza anakotaka. Ndiyo maana taarab haina haraka. Watu wanahitaji muda wa kulisikia fumbo, kulifungua, kuamua linamhusu nani, na kuinuka.

Miaka ya 1990 fumbo likapungua na mipasho ikachukua nafasi, vikundi vya TOT na Muungano vikashindana, mwimbaji Khadija Kopa akawa jina la kila mtaa. Kuna wanaoona huo ulikuwa mwisho wa taarab. Sikubaliani nao. Kusemana wazi kwa mdundo ni ustadi wenye historia ndefu pwani, na mwenye kuusikiliza vizuri atasikia jinsi mwimbaji anavyochelewesha neno la mwisho ili ukumbi ulimalizie wenyewe.

Nilipokwenda Dar kusoma sekondari, miaka ya mwisho ya 1990, redio za binafsi zilikuwa zimeshaenea na vijana walikuwa na muziki wao, rap ya Kiswahili. Wazazi waliuita wa kufokafoka. Tulikuwa tukienda duka la kurekodia na orodha ya nyimbo kwenye karatasi, kijana wa dukani anatujazia kanda ya dakika 60, kisha kanda hiyo ndiyo ilikuwa muziki wetu wa muhula mzima. Tuliirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. Tulijua kila pumzi ya Sugu, kila kina cha Hard Blasters, na tulibishana juu ya vina kama baba na mjomba walivyobishana juu ya tarumbeta, ingawa wakati ule sikuiona nasaba hiyo.

Baba ndiye aliyeiona. Alikuja kututembelea, akakuta wimbo unapigwa wa kijana anayesimulia kisa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na badala ya kuniambia nizime, akavuta kiti. Aliusikiliza wote. Akaomba urudiwe. Kisha akasema, “Huyu anasimulia kama Marijani. Anachokosa ni gitaa.” Alikuwa akimsema Marijani Rajab wa Safari Trippers na Dar International, aliyefariki mwaka 1995, ambaye nyimbo zake nyingi ni hadithi kamili zenye watu, mahali na kilichowapata. Baba alimpenda Marijani kwa visa vyake, kwa hiyo aliposikia kisa kingine alijua pa kukaa. Mimi nami, kwa njia hiyohiyo ya kurudi nyuma, nikaenda kuzitafuta nyimbo za Marijani ambazo nilizipita utotoni kwa sababu nilikuwa nahesabu magitaa. Safari hii nilisikiliza maneno.

Muziki wa Kongo nitaupita haraka, maana huo sikuhitaji wa kunifundisha. Miguu ilitosha. Niliupenda miaka mingi bila kujua neno la Kilingala, na nilipokuja kutafsiriwa wimbo wa Franco wa mwaka 1985 kuhusu Mario, kijana msomi anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, nikaona kwamba hata mahali magitaa yanapotulia ili mwanamke atoe malalamiko yake pamewekwa kwa makusudi. Wimbo ukaongezeka. Lakini nisingejua maana yake mpaka leo, bado ningeucheza.

Dodoma ndiko nilikofundishwa kwa nguvu zaidi. Nilipangiwa kazi ya ualimu katika kijiji cha Wagogo, na muziki wao niliujua kwa jina la Hukwe Zawose tu, bingwa wa zeze na ilimba, kile chombo kinachopigwa kwa vidole gumba, aliyefanyia kazi Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Kuusikia kijijini, watu wakiimba pamoja uwanjani, ni jambo jingine. Masikio niliyokuja nayo yalitafuta mwimbaji kiongozi na kiitikio. Havikuwapo kwa namna niliyoizoea. Mmoja anaanza, mwingine anaingia kwa maneno tofauti, wa tatu anapanda juu yao kwa sauti nyembamba kama mluzi, wengine wanapokea chini, na hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Nilisimama pale nikisikia wingi wa sauti tu. Sikuchukia, ila sikuwa na pa kushika.

Jirani yangu, mama mmoja aliyeimba katika kikundi cha pale, aliniona. “Mwalimu,” akasema, “ukisimama hapo hutausikia. Njoo uimbe.” Nikamwambia sijui. Akanipa kipande kifupi, sauti chache tu zinazorudi zilipotoka, akaniambia nikishike hicho na nisikiache hata nikisikia nini. Tulifanya hivyo jioni kadhaa uani kwake, yeye na binti zake wakiimba mengine juu yangu. Mwanzoni nilivutwa, nikawa naimba ya mwenzangu bila kujijua. Siku nilipoweza kukishika changu mpaka mwisho, nilianza kuwasikia. Niligundua kwamba kipande changu, ambacho peke yake hakina lolote, kilikuwa kimeacha mianya, na kila mwanya kulikuwa na mtu anayeujaza. Wimbo ule hauko kinywani mwa yeyote. Uko katikati yao, na anayesimama nje akimtafuta mwenye wimbo hatampata.

Baada ya hapo mengine yalifunguka. Ngoma ya muheme, ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana kati ya miguu, nilianza kuisikia kama sehemu ya kuimba. Ilimba nayo, ambayo niliidhani ina hitilafu kwa sababu ya mvumo wake wa kukwaruza, mzee mmoja alinigeuzia akanionyesha kitundu chake kilichozibwa kwa utando wa buibui. Utando ule umewekwa ili sauti ivume. Bila huo, alisema, ilimba ni kavu, haisemi na mtu. Nilikuwa nimezoea studio zinazosafisha kila mkwaruzo, na hapa palikuwa na fundi anayekwenda kumtafuta buibui ili aupate. Jumapili kanisani kwaya iliimba tenzi zile nilizozijua Tanga na Dar, ila zilipofika kwa Wagogo zilifunguka sauti hizohizo, moja juu ya nyingine, na sikuwa tena na shida ya kuingia.

Masikio hayo ya Dodoma ndiyo niliyokwenda nayo Zanzibar, na yakanirudisha kwenye taarab ya mama kwa mlango ambao hata mama hakuujua. Mume wangu ana jamaa zake Unguja, na mmoja wao alitupeleka kwenye mazoezi ya kikundi cha taarab ya kizamani, ile inayoanza na bashraf, kipande cha vyombo vitupu kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Tangu utoto kulikuwa na sauti katika nyimbo hizo ambazo mimi, mtoto wa magitaa, nilizisikia kuwa zimepinda. Mzee aliyepiga fidla aliniona nikikunja uso. Akaweka kidole kwenye uzi, akapiga sauti moja, akakisogeza, akapiga ya pili. Kisha akakiweka katikati. “Hapa kinanda hakina kitu, mwanangu. Sisi tunaishi hapa.” Akanitajia njia zinazopitia sauti hizo, rasti, bayati, na kila moja akaipiga taratibu mpaka nikaitambua inavyogusa.

Niliporudi bara nilizisikiliza upya sauti za zamani, hata zile sahani za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri Bombay kurekodi taarab kwa Kiswahili. Zina chakarachakara nyingi, na mtu wa leo anaweza kuzizima mapema. Lakini ukishajua kuwa kati ya sauti na sauti kuna mahali pa kukaa, unamsikia anavyolizungusha neno moja humo bila kuharakishwa na yeyote.

Singeli nililetewa nyumbani. Kaka yangu alimleta mwanawe akae nasi Temeke wakati anasoma chuo, na simu ya kijana yule haikujua wimbo wa polepole. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, MC anachana bila kituo, na majirani wa umri wangu waliizungumzia kwa maneno yaleyale ambayo wazazi wetu waliyasema juu ya kufokafoka: uhuni, kelele, vijana wa Manzese na Tandale. Nilitambua kwamba wengi wao walikuwa wakizungumzia watu, muziki haujafikiwa bado. Hilo ndilo linalozuia masikio kuliko kitu chochote ninachokijua. Mchiriku nao, uliotangulia singeli, wenye kinanda kidogo cha Casio na spika zilizotundikwa juu, ulibaguliwa vivyo hivyo kwa sababu ya mitaa ulikotoka.

Kwa hiyo nilimuuliza kijana swali ninalowauliza wote sasa: humo unasikiliza nini? Akafurahi, maana hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza. “Shangazi, usizifukuze ngoma zote, zitakuchosha. Shika moja, ruka moja. Halafu msikilize anapopumua.” Nikajaribu. Ukiigawa kasi ile kwa mbili mwili unapata pa kutembea, na ndivyo wachezaji wenyewe wanavyofanya. Kiuno hakikimbii, kinakwenda nusu. Na pumzi ya MC ni kazi ya ajabu. Anaificha mahali ambapo biti inakatika, kwa hiyo kila mkato una maana mbili. Kisha akanipigia za mwanzo, za wakati maprodyuza walipokuwa wakikata vipande vya taarab ya kisasa, wakivirudia na kuviongezea kasi, na MC anachana juu yake. Niliketi. Kile kinanda nilikijua. Kilikuwa cha rusha roho, cha harusi za akina mama zangu wadogo, kimekazwa mpaka kimekuwa kitu kingine na bado ni chenyewe.

Watu wengine hudhani kwamba kupenda muziki wa aina nyingi ni kupenda kila kitu. Kwangu imekuwa kinyume. Wakati singeli ilikuwa kelele kwangu, zote zilikuwa sawa. Sasa najua MC anayebabaisha pumzi na prodyuza aliyeweka kasi kwa sababu hana lingine la kuweka, na hao nawazima. Taarab iliyopangwa vibaya inaniudhi kuliko zamani, wakati nilikuwa naipita tu. Kila nilipoongeza muziki mmoja, nimeongeza pia ukali.

Ninachokihofia kidogo ni simu, nami naitumia kila siku. Ile kanda ya dakika 60 ilitulazimisha kubaki na nyimbo ambazo hatukuzipenda mara ya kwanza, kwa sababu kuziruka kulikula betri. Nyingi kati ya hizo ndizo zilizodumu. Sasa wimbo usiponishika mwanzo tu kidole kinausogeza, na mtambo unaniletea unaofanana na wa jana. Nimejiwekea utaratibu: mtu akinipa wimbo anaoupenda, nakaa nao wiki nzima kabla sijamwambia neno, na nausikiliza nikiwa sifanyi kitu kingine. Wanafunzi wangu nawapa zoezi hilohilo. Kila mmoja analeta wimbo wa nyumbani kwao, anatueleza tusikilize wapi, na darasa linautii wimbo mpaka mwisho. Nimesikia humo vitu ambavyo hakuna redio iliyowahi kunipigia.

Sasa hivi niko kwenye benga, muziki wa magitaa wa Waluo. Mwalimu mwenzangu ni mtu wa Rorya, na hawezi kumtaja D. O. Misiani bila kukumbusha kwamba mfalme huyo wa benga ya Kenya alizaliwa Shirati, upande wetu wa mpaka. Kwanza alinisikilizisha nyatiti, chombo cha jadi cha Waluo chenye nyuzi nane, ili nikisikia gitaa la solo linavyodonoa baada ya kila mstari wa mwimbaji nijue lilikotoka. Hilo nimeshalipata. Kazi aliyonipa sasa ni besi, ambayo katika benga haikubali kukaa nyuma kama ile niliyofundishwa na baba. Inakatakata, inasukuma mbele, mara nyingine ndiyo inayoimba. “Dada, wewe unaisubiri,” ananiambia. “Benga haisubiriwi.” Ijumaa tukitoka kazini tutapitia kwake. Mkewe ana kanda za wazee wake na chombo cha kuzipigia bado kizima, na ameahidi kunionyesha namna ya kuicheza, maana anasema mume wake anaeleza vizuri lakini hachezi.